Mishahara Juni, Leseni Septemba



Kuna jambo moja ambalo wakubwa wa City Hall hawapendi lijadiliwe hadharani. Leseni anayotozwa mwenye kibanda na kazi anayopewa mpwa wa mheshimiwa ni mambo yanayoamuliwa na watu wale wale, katika ukumbi ule ule, na fedha za jambo la kwanza ndizo zinazolipia la pili. Hata hivyo, wananchi wa Nairobi wamezoezwa kuyatazama kama mambo mawili yasiyojuana. Leseni ikipanda, wachuuzi hulia peke yao. Habari za wafanyakazi hewa zikitoka magazetini, wasomi hulalamika peke yao. Vigogo wamekaa katikati, wanatabasamu.

Tuitazame sheria, kwa kuwa ndiyo kazi iliyonilea. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka serikali ya kaunti ipeleke makadirio ya matumizi yake katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili. Bunge hilo linapaswa kuwa limeidhinisha matumizi hayo ifikapo tarehe 30 Juni. Kisha, katika muda wa siku 90 baada ya kuidhinisha matumizi, ndipo wawakilishi wa wadi wanapoupitisha Mswada wa Fedha, yaani ule unaotaja ada ya leseni, ushuru wa soko, malipo ya kuegesha magari na mengineyo. Umeuona mpangilio huo? Mishahara hukatwa Juni. Leseni ya kuilipa huja Septemba. Karamu hupangwa, wageni wakaalikwa, sufuria zikainjikwa, kisha ndipo anapoitwa mwenye unga aulizwe kama ana maoni yoyote kuhusu unga wake.

Ndiyo maana vile vikao vinavyoitwa vya kushirikisha umma huwa na harufu ya mchezo wa kuigiza. Mama mboga wa Gikomba anayesimama mwezi wa Septemba kuomba ada ipunguzwe anazungumza na watu ambao tayari wamekwisha kuahidi kila senti. Wakimkubalia, bajeti yao itapasuka. Kwa hiyo watamsikiliza kwa adabu, wataandika jina lake katika daftari, watampa soda, kisha watapitisha walichokuja nacho. Siku hiyo hata diwani mwema (samahani, siku hizi huitwa mwakilishi wa wadi, ingawa mitaani jina la zamani halijafa) hana la kufanya.

Mahakama zetu zimekwisha kulisema hili kwa upande mmoja. Mwaka 2014 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Robert Gakuru na wenzake dhidi ya serikali ya Kaunti ya Kiambu, ilibatilisha Sheria ya Fedha ya kaunti hiyo ya mwaka 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Jaji George Odunga alikataa katakata wazo kwamba tangazo la gazetini linatosha. Alieleza kuwa bunge la kaunti halina budi kuwafikia watu mahali walipo: makanisani, misikitini, katika mabaraza na redioni. Hukumu hiyo ilikuwa ushindi mkubwa, na kila mfanyabiashara nchini anapaswa kuijua. Lakini kaunti zilijifunza nini? Zilijifunza kupiga picha za vikao. Leo hakuna Mswada wa Fedha usiokuja na orodha ya waliohudhuria, na ushahidi huo ukiisha kuwekwa mbele ya jaji, ni nani atakayeuliza kama matumizi yalikuwa yamefungwa miezi mitatu kabla?

Wako wanaodhani kwamba dawa ni kubadilisha watu tu. Hao na wakumbushwe historia. Mwaka 1983 Waziri wa Serikali za Mitaa alilivunja Baraza la Jiji la Nairobi kwa madai ya ubadhirifu na usimamizi mbovu, akaweka Tume ya Jiji isiyochaguliwa na mtu yeyote. Tume hiyo ikaongezewa muda tena na tena, na wakazi wa mji mkuu wakakaa karibu miaka kumi bila diwani hata mmoja wa kumpigia kelele. Je, ubadhirifu uliisha? Kilichotukia ni kwamba mwezi wa Mei 1990 askari wa Tume hiyo waliingia mtaa wa Muoroto wakabomoa makao na vibanda vya maskini, na wakazi wakapambana nao kwa mawe. Ilikuwa ni mojawapo ya dalili za kwanza kwamba walalahoi wa mji huu walikuwa wamechoka na utawala wa chama kimoja.

Uchaguzi wa Desemba 1992 ukatuletea madiwani wa vyama vingi, na upinzani ukaushika ukumbi wa jiji. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265, ilibaki pale pale: sheria ndogo za baraza hazikuwa na nguvu hadi Waziri azipe kibali, na Waziri huyo huyo alikuwa na uwezo wa kuteua madiwani zaidi ya waliochaguliwa. Udhuru huo ulikuwa wa kweli wakati ule. Leo haupo. Sura ya 265 ilizikwa pamoja na mabaraza yote 175 baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Hakuna waziri anayeishika kaunti mkono isitangaze kazi zake, wala hakuna mkuu wa mkoa anayeamuru wachuuzi wafukuzwe. Makosa ya leo ni ya wale tuliowachagua sisi wenyewe, na ni aibu kuwaona wakiyatenda kwa mikono ile ile ya kanjo.

Tuje kwenye leseni yenyewe. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti kazi ya kusimamia biashara, masoko na leseni. Lakini Kifungu cha 209 kimetofautisha mambo mawili ambayo City Hall hupenda kuyachanganya. Kodi ni jambo moja: kaunti inaruhusiwa kutoza kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na nyingine yoyote itakayoidhinishwa na sheria ya Bunge. Malipo ya huduma ni jambo lingine: hayo hutozwa kwa sababu kaunti imefanya kitu. Sasa niulize. Kinyozi wa Kawangware anapolipa leseni yake ya mwaka, anapewa huduma gani? Taka zinazoganda mbele ya mlango wake anamlipa kijana wa mtaa azizoe. Maji anayanunua kwa mtungi. Mlinzi wa usiku ni wake na jirani zake. Kama hakuna huduma, basi anachotozwa ni kodi iliyovikwa kanzu ya leseni, na kodi ya namna hiyo inahitaji sheria ya Bunge.

Ni kweli kwamba Sheria ya Fedha ya Nairobi ya mwaka 2023 iliunganisha vibali kadhaa, ukiwamo wa biashara, wa zimamoto, wa afya na wa bango la tangazo, vikawa kibali kimoja. Hilo nalisifu bila kinyongo. Mfanyabiashara aliyekuwa akizungushwa ofisi tano, kila moja ikiwa na karani anayesubiri chai, alipumua kidogo. Lakini kuzifunga kuni kuwa mzigo mmoja hakuupunguzii mzigo huo uzito.

Na mizani ya wafanyakazi je? Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 ni nzuri kuliko watu wanaoitekeleza. Imeunda Bodi ya Utumishi wa Umma katika kila kaunti ili gavana asigawe kazi kama peremende. Inataka kila nafasi itangazwe kwa njia itakayowafikia watu wengi. Inataka asilimia 30 au zaidi ya nafasi za ngazi ya kuingilia ziende kwa watu wasiotoka katika kabila lenye wengi katika kaunti hiyo. Nazo kanuni za fedha za mwaka 2015 zimeweka mpaka: mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Msimamizi wa Bajeti ametaja mara kwa mara katika ripoti zake kaunti zinazovuka mpaka huo, pamoja na mishahara inayolipwa kwa orodha za mkono nje ya mfumo rasmi wa malipo. Orodha ya mkono, ndugu yangu, ndiyo shamba la wafanyakazi hewa. Jina huandikwa, mshahara hutoka, na hakuna mtu mwenye jina hilo anayejulikana katika idara yoyote.

Nisieleweke vibaya. Simshambulii mama anayefagia Barabara ya Tom Mboya alfajiri kabla mimi na wewe hatujaamka, wala muuguzi wa zahanati ya kaunti anayehudumia foleni isiyokwisha. Hao ni wachache mno, na mara nyingi ndio wanaocheleweshewa mishahara. Vita vyetu ni dhidi ya wale wasiojulikana wanakofanya kazi, walioingia kwa kikaratasi kilichotoka kwa mheshimiwa wakati wa kampeni. Mfagiaji na mchuuzi wanaibiwa na mwizi mmoja. Ni hila ya wakubwa kwamba asubuhi mmoja hutumwa kumfukuza mwenzake.

Watatuambia kwamba jiji haliendeshwi kwa maombi, na kwamba ada zikipunguzwa taa zitazimika. Tunakubali kwamba jiji linahitaji fedha. Lakini katika ripoti za miaka ya karibuni Nairobi imekuwa ikitajwa mbele ya kaunti zote kwa wingi wa madeni isiyoyalipa, yakiwamo ya wafanyabiashara wadogo walioiuzia bidhaa. Mtu anayekudai leseni leo ndiye huyo huyo aliyekataa kukulipa viti ulivyomtengenezea miaka sita iliyopita. Kwa heshima zote, mdaiwa wa namna hiyo ana idhini gani ya kukufungia duka?

Kwa hiyo wito wetu kwa vyama vya wachuuzi, wenye maduka, mafundi wa jua kali na wenye magari ya abiria ni huu: msingoje Septemba. Nendeni katika bunge la kaunti mwezi wa Mei, makadirio ya matumizi yanapojadiliwa. Kifungu cha 196 cha Katiba kinawaamuru wawakilishi hao kufanya kazi zao kwa uwazi na kuwashirikisha wananchi, wala hakikusema kuwa mashauriano ni ya leseni tu. Ombeni orodha ya waajiriwa kwa idara, idadi yao na gharama yao, na idadi ya wanaolipwa nje ya mfumo. Anayetaka kuongeza ada ya kibanda aonyeshe kwanza kazi aliyoifuta au huduma aliyoiongeza.

Wakisema orodha hiyo ni siri, ichukueni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, kuliwasilisha hakutozwi ada, na afisa ana siku 21 za kujibu. Akinyamaza, mlango wa Tume ya Haki za Utawala uko wazi. Ombi likiwasilishwa mapema mwezi wa Aprili, jibu lake litakuwa mkononi kabla makadirio hayajapigiwa kura.