Kocha, Soma Sheria za Ligi Yako

SAFU YA JUMAMOSI
Na Salum Mbelwa

Mpira unadunda juu ya ringi, beki anaruka na kuupangua. Refa anaacha mchezo uendelee. Papo hapo kocha wa timu iliyotupa anavamia mstari, anadai pointi zake mbili. Benchi zima linasimama, mashabiki wanamtukana refa. Na refa yuko sahihi.

Ugomvi huu umezidi katika mpira wetu wa kikapu, na mara nyingi chanzo chake si upendeleo kama tunavyopenda kuamini. Makocha wengi wamejifunzia sheria kwenye runinga, usiku wa NBA, ligi ya Marekani. Kule, mpira ulio juu ya tundu la kikapu haugusiki. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa, tunazochezea sisi, mtupo wa kawaida ukishagusa ringi, yeyote anaweza kuupangua. Kule mchezaji anaweza kumwomba refa taimauti. Huku ni kocha mkuu au msaidizi wake wa kwanza, tena kupitia mezani kwa makarani. Kule beki asiyemkaba mtu haruhusiwi kuganda sekunde tatu chini ya kikapu chake, huku ruksa. Kocha anayepigia kelele haya anadai haki ambayo hana.

Halafu kuna vitisho vya rufaa. Faulo aliyoiona refa haikatiwi rufaa. Sheria za FIBA zinakubali malalamiko ya mambo kama makosa ya pointi au ya saa ambayo hayakurekebishwa, na nahodha anapaswa kumjulisha refa mkuu na kusaini ndani ya dakika 15 baada ya mchezo. Matusi ya kocha pembeni yanazaa faulo ya kiufundi: mpinzani anapata mtupo huru mmoja. Ya pili inamtoa kocha, vijana wanabaki wakiwa wakati wanapomhitaji zaidi.

Marefa nao wasijifiche nyuma ya filimbi. Kocha akiuliza kwa adabu mpira ukiwa umesimama, anastahili kujibiwa. "Uligusa ringi kwanza, kocha." Maneno manne tu. Refa anayempa mgongo mtu aliyeuliza kwa heshima anachochea moto ambao angeweza kuuzima, na inaniuma kuona mchezo mzuri ukiharibika hivyo.

Viongozi wa Shirikisho la Mpira wa Kikapu Tanzania (TBF) na vyama vya mikoa, kabla ya kila ligi waketisheni makocha na marefa chumba kimoja, watazame video zilezile, wabishane humo mpaka waelewane. Kocha asiyehudhuria asikae benchi.