Daktari Aulize na Habari za Uzazi

Ndugu askari, Machi 2021 mji wa Palma uliposhambuliwa, maelfu ya watu walikimbilia Quitunda, kijiji kilichojengwa kwa familia zilizohamishwa kupisha mradi wa gesi wa Afungi. Penye msongamano kama ule, mtu akiharisha damu tabibu hufikiri kwanza amiba au shigela, wala hakosei, maana hayo ndiyo ya kawaida katika pwani yetu. Lakini wako wachache ambao dawa za vijidudu haziwafai kitu; damu hurudi mwezi hata mwezi, na mwili hukonda. Hao huenda wana vidonda vya utumbo mpana au ugonjwa wa Crohn, maradhi yasiyoambukiza, ambayo hutambuliwa katika hospitali kubwa kwa kupitisha mpira wenye kamera utumboni. Nayo aghalabu huanza ujanani, yaani katika umri wa kuoa na kuzaa. Ndio umri wa askari.

Hapo ndipo uonekanapo upungufu. Daktari hutibu utumbo, akaisahau nyumba ya mgonjwa.

Itazameni salfasalazini, dawa kongwe ya maradhi haya. Tangu 1979 majarida ya tiba yameeleza kwamba hupunguza mbegu za mwanamume, na kwamba mbegu hurejea miezi 2 au 3 baada ya dawa kubadilishwa. Ni sentensi moja tu ya kumwambia mgonjwa. Isipotamkwa, mke huitwa tasa, wazee hukaa baraza, talaka hutolewa (na waganga wa hirizi hawakosi fungu lao), hali kosa ni la kidonge.

Kwa mwanamke, methotreksati ni hatari kwa mimba. Yapasa kuachwa si chini ya miezi 3 kabla ya kushika mimba. Lakini daktari ajuaye hilo peke yake huweza kudhuru kwa upande wa pili, akamwachisha mjamzito dawa zote. Mesalazini na azathioprini kwa kawaida huendelezwa. Ugonjwa uliochachamaa ndio wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa huongeza hatari ya mimba kuharibika na mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Afadhali mimba ishikwe ugonjwa ukiwa umetulia kwa miezi kadhaa.

Kwa hiyo, mganga wa kikosi amwulize kila mgonjwa wa namna hii kama ataka mtoto, na jibu liandikwe katika faili lake, maana askari huhamishwa. Askari naye asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe, bali aulize bila haya.

Haya yenyewe si jambo dogo. Daktari akisema Kireno na mgonjwa Kimwani au Kimakonde, mkalimani huwa jirani au shemeji. Nani atataja mambo ya chumbani mbele ya shemeji yake? Zahanati iteue mkalimani wake, mwanamume kwa wanaume na mwanamke kwa wanawake, aliyeapishwa kutunza siri kama tuapishwavyo sisi.