Karamu ya Mkesha wa Mbio: Tuile, Lakini Tuile na Wenyewe

Si siri tena kwamba vyama vya shule yetu, kikiwemo hiki chetu cha Kiswahili, vimekubaliana kuandaa mbio za hisani za kilomita 10 muhula ujao. Pesa zitakazopatikana zitapelekwa katika kitengo cha watoto wenye usonji kwenye shule ya msingi jirani. Hapo hakuna mwenye neno. Mzozo umezuka juu ya karamu ya mkesha, yaani ile sherehe ya jioni kabla ya mbio. Kuna kundi linalodai kuwa karamu ni ubadhirifu, kila senti iende kwa watoto. Kuna kundi jingine, nalo lina wafuasi wengi hasa kule viti vya nyuma, linalotaka disko mpaka saa moja na nusu usiku. Mimi si wa kundi hili wala lile, na ndiyo sababu nimeishika kalamu.

Kwanza tuelewane kuhusu usonji, maana nimeyasikia mengi. Kuna aliyeniambia ati unaambukiza! La hasha. Usonji hauambukizi, si laana, wala si malezi mabaya ya mama. Ni hali ya ubongo kukua kwa namna yake tangu utotoni. Daktari Leo Kanner wa Marekani aliieleza hali hii mwaka 1943 baada ya kuwachunguza watoto 11. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa nayo. Hebu fanyeni hesabu ya shule yetu wenyewe. Baadhi yao huzungumza vizuri na kutushinda katika mitihani. Wengine hawatamki neno. Jambo linalowapata wengi ni kwamba masikio, macho na ngozi zao huhisi mambo kwa nguvu kuliko zetu. Sauti ambayo kwako ni muziki mtamu, kwake yaweza kuwa mithili ya nyundo kichwani. Lishikeni hilo, nitalirudia.

Sasa hizi karamu za mkesha zilitoka wapi? Sisi Wakenya tunaijua marathon kwa upande wa mbele tu. Aprili 2024 kule London tulishinda kwa wanaume na kwa wanawake, Alexander Mutiso na Peres Jepchirchir, tukashangilia, kisha tukazima televisheni tukaenda kunywa chai. Kumbe nyuma ya mabingwa hao kulikuwa na maelfu ya watu wa kawaida, walimu, wauguzi na makarani, wakihema ndani ya fulana za mashirika ya hisani. Mbio za London zilianza mwaka 1981. Mwaka 2024 wakimbiaji wake walichangisha zaidi ya pauni milioni 73, na mwaka 2025 zaidi ya milioni 87. Miongoni mwa mashirika yanayokimbiliwa hivyo ni National Autistic Society, lililoanzishwa mwaka 1962 na wazazi waliochoka kuambiwa kuwa watoto wao hawafundishiki. Anayetaka kukimbia kwa jina la shirika huahidi kuchangisha kiasi fulani cha pesa kutoka kwa jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake, mara nyingi pauni 2,000 hivi.

Hata kwetu si jambo geni. Mama Margaret Kenyatta, alipokuwa mke wa Rais, alikimbia London Aprili 2014 kwa ajili ya kampeni yake ya Beyond Zero ya afya ya akina mama na watoto. Alitumia saa 7 na dakika 4. Wilson Kipsang, aliyeshinda siku hiyo kwa saa 2 na dakika 4, alikuwa keshaoga zamani! Lakini kampeni ile ilinunua kliniki za magari, na hakuna mama mjamzito aliyeuliza ilikimbiwa kwa saa ngapi.

Basi huko Uingereza na Marekani, mashirika mengi huwakusanya wakimbiaji wao kabla ya mbio wale pamoja. Chakula chenyewe aghalabu ni tambi. Sababu tumeisoma katika Baiolojia: wanga ukishasagwa mwilini huwekwa akiba kwenye misuli na ini kama glikojeni. Mbio za kilomita 42 huila akiba hiyo, na mtu akifika kilomita ya 30 na kitu miguu hugoma. Mabingwa wetu kule Iten na Kaptagat hufanya kazi hiyo hiyo kwa ugali. Sasa tuambiane ukweli. Kilomita 10 haziwezi kumaliza akiba hiyo. Githeri ya mchana yatosha kabisa. Kwa hivyo anayesema tunahitaji karamu ili tupate nguvu, huyo anatafuta pilau tu.

Mbona basi nasema karamu iwepo? Kwa sababu karamu ile ina kazi nyingine isiyohusu tumbo. Ni mahali ambapo mkimbiaji humwona anayemkimbilia. Mzazi husimama akasema mtoto wangu anaitwa fulani, anapenda hiki, anaogopa kile. Kesho yake mguu ukiuma, mkimbiaji hakimbilii tena neno usonji lililoandikwa kwenye fulana. Tukiifuta karamu, wenzangu, tutatoka hapa shuleni, tutakimbia, tutapeleka bahasha, na watoto wale tutakuwa hatujawaona hata kwa dakika moja. Ukuta ulio kati yetu na wao ni wa mabati tu, na bado wengi wetu tunajua tu kelele zao wakati wa mapumziko.

Lakini karamu ya disko ndiyo mbaya zaidi, na sisemi hivi kwa kubuni. Katika ploti yetu yupo kijana wa miaka tisa asiyesema. Anajua kupanga vifuniko vya soda kwa rangi kuliko mtu yeyote niliyemwona. Mwaka jana kulifanywa harambee ya kuwasaidia watoto kama yeye, mahali ambapo sitapataja. Mama yake alimvisha shati jipya akampeleka. Kulikuwa na maspika mawili makubwa kama makabati, baluni zikipasuka ovyo, na mgeni wa heshima aliyechelewa saa mbili. Muziki ulipofunguliwa kijana aliziba masikio, akajitupa chini akalia. Unajua mama aliambiwa nini? Ati amtoe nje, anawasumbua wageni. Walikaa nje ya geti mpaka mwisho, naye ndiye aliyeitiwa harambee! Sahani yao ya wali ililetwa ikiwa imepoa. Tangu siku hiyo mama huyo hataki kusikia neno sherehe, na akina mama wenzake wawili ambao walikuwa wakianza kuwatoa watoto wao nyumbani wamewarudisha ndani.

Hilo ndilo linalonikera. Mama anayemficha mtoto si lazima awe mbaya. Pengine ametolewa nje ya geti mara moja tu, ikamtosha. Chama cha Autism Society of Kenya kilianzishwa na wazazi mwaka 2003, na mwaka huo huo kitengo cha watoto wenye usonji kikafunguliwa katika City Primary pale Nairobi. Wazazi hao hawangepata hata kiti kimoja darasani lau wangekaa na watoto wao vyumbani. Ni kutoka hadharani kulikowapa hicho walichopata. Sasa sisi tuwaite hadharani halafu tuwafukuze kwa spika?

Ninayopendekeza ni haya. Karamu ianze saa tisa na nusu alasiri, tuifunge saa kumi na moja na nusu, kabla giza halijaingia. Sisi ni shule ya kutwa, wasichana wengine hupanda matatu mbili kufika kwao, kwa hivyo hata bila ya watoto wale disko la usiku lilikuwa ndoto ya mchana. Spika isiwepo kabisa. Badala ya kupiga makofi tupunge mikono juu, kama wafanyavyo viziwi. Ni jambo dogo lakini litawafaa. Baluni hapana. Lile darasa la pembeni karibu na bustani liachwe wazi na tupu, mikeka itandikwe, mtoto akizidiwa aende akatulie huko na asifuatwe na macho ya watu. Wali upakuliwe mbali na maharagwe, kwa maana baadhi ya watoto hao hawagusi chakula kilichochanganywa, na si deko. Hotuba ziwe mbili, ya mzazi mmoja na ya mwalimu wa kitengo. Mgeni wa heshima akichelewa, tule.

Kuhusu pesa, wanaolalamika ubadhirifu wana haki, nami nawaunga mkono nusu. Nimeiona orodha iliyoandaliwa na kamati. Kinachotafuna pesa si chakula. Ni kukodi mitambo ya muziki, shilingi 9,000, na hema, 4,500, wakati tuna ukumbi. Tukiondoa hivyo viwili, shilingi 13,500 zinabaki kwa watoto, na kilichosalia ni mchele, maharagwe, chai na maandazi. Hivyo navyo visitolewe katika pesa za ahadi. Kila darasa lilete kitu kutoka nyumbani, Kidato cha Tatu tuko tayari na mchele, na wadogo zetu wa Gredi ya Kumi walete sukari. Hesabu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, kila ahadi na aliyeitoa, maana wachangaji wetu ni mama mboga na makanga wa hapa mjini, na shilingi 20 zao zina uzito.

Najua nitajibiwa kuwa sherehe bila muziki ni matanga. Rafiki yangu mmoja amenitangaza tayari kuwa mzee wa kanisa. Haya, muziki uwepo, lakini siku ya mbio, baada ya mkimbiaji wa mwisho kufika na wageni wetu kwenda zao. Hapo hata mimi nitacheza, na si mnajua navyocheza.

Yule mama wa ploti yetu nimeshazungumza naye. Alinisikiliza huku akichambua mchicha, akaniuliza swali moja tu, kama spika zitakuwepo. Nilimwambia kamati bado haijaamua. Akasema niende nikamletee jibu kwanza, ndipo atafute shati la mtoto. Kikao cha vyama ni wiki ya kwanza ya muhula, Ijumaa baada ya masomo. Nimeomba nafasi ya kusema.