Kompyuta ikiuzwa, siri ya mgonjwa isiuzwe

Daktari anayeheshimu kazi yake hatangazi ugonjwa wa mtu aliyetoka chumbani mwake. Hata faili za karatasi hufungiwa kabatini kwa kufuli. Ajabu ni kwamba kompyuta ya zahanati inapochakaa, mara nyingi hupelekwa kwa fundi au huuzwa kwa bei ya kutupa, bila yeyote kuuliza kilichomo ndani. Huu ni uzembe, na wenye kuumia ni wagonjwa.

Wengi wetu hudhani kuwa faili ikishafutwa imekwisha. Sivyo. Kufuta faili ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo katika kitabu: sura haionyeshwi tena, lakini ingali pale pale. Kompyuta huondoa tu anwani ya faili, na maandishi yenyewe hubaki katika diski ngumu hadi mengine yaandikwe juu yake. Kufomati kwa haraka nako hakusaidii. Mtu yeyote mwenye programu ya kurudisha faili, ambazo nyingine hupatikana bure, anaweza kuyasoma.

Yaliyotukia Uingereza na yawe funzo kwetu. Mwaka 2010, diski za hospitali za Brighton na Sussex zilipatikana zikiuzwa katika mnada wa intaneti. Diski zipatazo 1,000 zilikuwa zimekabidhiwa mtu wa nje aziharibu, naye akatorosha zaidi ya 250. Ndani mlikuwa na habari za maelfu ya wagonjwa, wakiwamo waliotibiwa virusi vya Ukimwi na magonjwa ya zinaa. Mwaka 2012 wakuu wa hospitali hizo walitozwa faini ya pauni 325,000.

Hapa kwetu sheria haikosekani. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza kufichua matokeo ya kipimo cha mtu bila idhini yake, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inahesabu hali ya afya ya mtu kuwa habari nyeti, na faini yake yaweza kufika shilingi milioni tano. Lakini faini haimrudishii mama ndoa iliyovunjika, wala haimrudishii kijana kazi aliyofutwa kwa sababu ya ugonjwa uliojulikana mtaani.

Wenye zahanati ndogo watasema kwamba hawana pesa za mambo haya. Maoni yangu ni kuwa kisingizio hicho hakina uzito. Kwanza, nakili rekodi zote mahali salama, kwa maana mgonjwa bado atazihitaji. Kisha, kwa diski ya kawaida yenye visahani vinavyozunguka, tumia programu ya kuandika upya juu ya diski nzima. Mara moja yatosha, ingawa kazi yaweza kuchukua saa kadhaa. Diski za kisasa zisizo na visahani zina werevu wao: huweza kuficha nakala mahali ambapo programu hiyo haifiki. Hizo zahitaji amri ya kujifuta iliyowekwa na mtengenezaji, na ni vyema zifungwe kwa nywila tangu siku ya kwanza, ili habari zote ziandikwe kwa mafumbo.

Iliyo rahisi kuliko zote ni hii: uza kompyuta bila diski. Ing'oe, kisha ivunjwe vipande vipande mbele ya macho yako. Usimwachie mtu mwingine kwa kuamini neno lake tu, kama walivyofanya wenzetu wa Brighton.

Nawe msomaji, utakapokwenda kliniki tena, muulize msimamizi kompyuta zao kuukuu huishia wapi. Akibabaika, jua kwamba hajapata kulifikiria jambo hilo, na umwombe alifikirie leo. Habari zilizomo ni zako.