Urithi Haubebwi kwa Mtungi

Ndugu zangu, baadhi ya vijana wa koo zetu hapa Jane and Finch wanajifunza kuzamia kwa mitungi ya hewa, wakikusudia kwenda Lamu likizoni kupiga samaki kwa bunduki za mishale na kuwatoa kamba koche mapangoni. Husema wanafufua kazi ya mababu. Kauli hiyo naipinga.

Mvuvi wa Kibajuni huzamia kwa pumzi yake mwenyewe. Humwonyesha kamba pweza aliyefungwa kijitini. Kamba humwogopa adui yake, hutoka pangoni na kukamatwa. Pumzi ikimwishia, mvuvi hupanda, na kamba wa kilindini husalia kuzaa. Pumzi ndiyo mizani ya kazi ile. Mtungi huivunja: palipokuwa hifadhi huwa ghala lisilo mlango.

Sheria nayo haiwaungi mkono. Kenya ilipiga marufuku bunduki hizo mwaka 2001. Ontario nako haziruhusiwi kuvulia. Hata Florida, inayoruhusu kamba kutafutwa kwa mtungi, hukataza kumchoma, huamuru apimwe humo humo majini, na mwenye mayai aachiliwe.

Atakaye kuanza, na aanze kwa pumzi na mikono mitupu, pamoja na mzee wa pwani asiyehama. Sisi huenda na tikiti ya kurudi; wao riziki yao imo mwambani mle. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakunena: mwenyeji alale njaa.