Mbuzi Aliyenyweshwa Bia

Korosho ilipogusa shilingi 4,000 kwa kilo mnadani, msimu wa 2017, nchi nzima ilisimuliwa habari ya mkulima wa Kusini aliyemnunulia mbuzi wake bia. Wengine walisema ni soda, wengine walisema ni kuku. Mbuzi mwenyewe sijaonyeshwa mpaka leo, wala kijiji chake. Lakini hadithi imeganda, na mtu akitaka kueleza kwa nini mtaa wa Masasi una mtaro uliozibika, au kitongoji cha Newala hakina maji, huitoa mfukoni: hawa wakipata hela wanachezea, wakikosa wanakaa barazani kuisubiri serikali.

Uongo mtupu, na ushahidi uko juu ya paa.

Nenda Newala. Simama Shimo la Mungu, pale uwanda wa Makonde unapokatika ghafla, uone bonde lilivyo mbali. Huku juu mchanga unameza mvua yote; maji yako chini, na wanawake wa vizazi na vizazi wameushuka na kuupanda ule mteremko na vyombo kichwani. Sasa geuka uzitazame nyumba. Bati, gata pembeni ya bati, bomba linaloteremka mpaka kwenye kisima cha saruji kilichochimbwa uani, na kufuli juu ya kifuniko. Hela ya korosho imeishia humo: msimu huu bati, msimu ujao mifuko ya saruji, wa tatu fundi. Hiyo ndiyo bia ya mbuzi.

Kama watu hawa wanasubiri, nani aliwafundisha kusubiri? Miaka ya 1950 palikuwa na shirika la maji la Makonde lililopandisha maji kwa pampu kutoka bondeni, na watu wakilipia ndoo. Mwaka 1971 serikali ikatangaza kwamba ndani ya miaka 20 kila mwanakijiji nchini atapata maji safi karibu na kwake, bure. Wafini wakaja Mtwara na Lindi na mitambo yao. Mwaka 1991 ulipofika, maji hayakuwa yamefika kwa kila mtu, na wimbo ukabadilika: wananchi wachangie. Yaani mtu aambiwe miaka 20 kwamba jambo si lake, halafu mwaka wa 21 aitwe mvivu kwa sababu aliamini!

Sisemi serikali ipumzike. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, kilomita 210, haijengwi kwa harambee ya mtaa, wala maji ya mradi wa Mbwinji hayakufika Masasi kwa majembe ya majirani.

Ila tuna aibu yetu, na si ile tunayosingiziwa. Ni lile kufuli. Kisima ni cha uani kwangu. Jirani anayeezeka nyasi hana pa kukingia, ananunua ndoo kwangu kiangazi kikikaza. Wakati huohuo mapaa makubwa kuliko yote kijijini, la shule, la msikiti, la ghala la chama cha msingi cha ushirika, yanamwaga maji mchangani masika nzima. Tumejenga nyumba nzuri, hatujajenga mtaa.

Na si kwa uvivu. Nchi hii imejaa maboma ya madarasa na zahanati ambayo wananchi wameyanyanyua kwa tofali zao, yakakaa miaka yakiota majani kwa kungoja bati lililoahidiwa. Mkulima wa korosho anakatwa kwenye kila kilo kabla hajaishika hela yake. Mwaka 2018 asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje, iliyokuwa ikirudi kuliendeleza zao hili, ilihamishiwa Hazina, na yeye akaisikia redioni. Mtu wa namna hiyo ukimfuata na daftari la mchango, akajifanya hayupo, mimi simlaumu. Anaijua njia ya hela yake kwenda. Ya kurudi hajaiona.

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila miezi mitatu na kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi aingie. Viongozi wengi wanaukumbuka wakiwa na shida ya mchango tu, na mapato na matumizi "yatasomwa mkutano ujao". (Mkutano ujao una mvua, au msiba, au mwenyekiti kasafiri.) Hapo ndipo mtaa unapofia, si kilabuni.

Basi, viongozi, geuzeni mpangilio. Karatasi ya hesabu ibandikwe kwanza kwenye mlango wa ofisi, kwa mwandiko ambao bibi yangu angeusoma, na jina la aliyeshika fedha liwe juu. Daftari la mchango lije baadaye. Kisha tangazeni siku ya kuchimba kisima cha wote chini ya paa la ghala.

Mvua inaanza Desemba. Paa lipo. Linadai gata tu.