Kuteleza si Kuanguka: Sarah Vaughan na Matini Tunazozisafisha

Kuna kasumba iliyoota mizizi katika uhakiki wetu wa fasihi simulizi, nayo ni imani kwamba fanani anapokosea, kosa lake si sehemu ya kazi yake. Mtafiti hurejea kutoka nyanjani na kanda zake, akaketi mezani, akafuta kigugumizi, kicheko cha hadhira na neno lililosahauliwa, kisha akatuletea matini iliyonyooka kama rula na kuiita simulizi. Tunashikilia kwamba huu ni upotoshaji. Ushahidi wetu unatoka mbali, katika kilabu kimoja cha usiku mjini Chicago.

Sarah Vaughan alizaliwa Newark, Marekani, mwaka 1924. Baada ya kushinda shindano la waimbaji chipukizi katika ukumbi wa Apollo, Harlem, alijiunga na bendi ya Earl Hines mwaka 1943 akiwa mwimbaji na mpiga piano wa pili. Humo alifanya kazi pamoja na Charlie Parker na Dizzy Gillespie, vinara wa bibopu, mtindo wa jazi uliomtaka mwanamuziki autunge wimbo upya papo hapo. Wenzake walifanya hivyo kwa ala. Vaughan alifanya kwa koo.

Mnamo Machi 1958, usiku wa manane, alirekodiwa mbele ya hadhira katika kilabu cha London House. Miongoni mwa nyimbo za usiku huo ni "Thanks for the Memory", ambao maneno yake yalitungwa na Leo Robin na kuimbwa katika filamu ya mwaka 1938. Alipofikia neno "Parthenon", ulimi uliteleza. Alianza upya, akajikwaa palepale. Hatimaye aliuvuka mtego huo, akaumalizia wimbo kwa maneno yake mwenyewe ya mzaha. Yote hayo yamo katika santuri iitwayo After Hours at the London House.

Sasa na tuwaulize wasafishaji: matini ya usiku ule ni ipi? Wakijibu kuwa ni maneno ya Robin, wamemfuta Vaughan. Wakijibu kuwa ni ile sehemu iliyofika mwisho salama, wamefuta kinachoupa mzaha wa kumalizia maana yake. Hakuna jibu jingine ila kwamba matini ni tukio zima, kosa likiwamo.

Tutaambiwa kwamba santuri nayo ni zao la uteuzi. Ni kweli, mtayarishaji alichagua cha kutoa na cha kuacha. Lakini uteuzi wake uliuhifadhi ushahidi, ilhali wetu huuangamiza. Tutaambiwa pia kwamba tunatukuza uzembe. La hasha! Kuteleza si kuanguka, walisema wahenga. Vaughan aliinuka kwa sababu aliijua njia, naye mpiga piano Ronnell Bright na wenzake Richard Davis na Roy Haynes walikuwapo kuanza naye tena. Fanani aliyekariri tu hunyamaza anaposahau, aliyebobea hutunga. Basi tukilifuta kosa, tutawatofautishaje wawili hao?

Wala mwandishi wa makala haya hajitoi katika lawama. Miaka kadhaa iliyopita nilisahihisha tasnifu ya mwanafunzi aliyenakili ngano ambayo msimulizi wake, mzee wa makamo makubwa, alilisahau jina la mhusika. Bikizee mmoja katika hadhira alimkumbusha, wakabishana kidogo, na ngano ikashika mkondo tofauti. Niliandika pambizoni kwa wino mwekundu: "Ondoa." Mwanafunzi alitii. Kanda imekwisha kuharibika, na msimulizi ametangulia mbele ya haki. Katika tasnifu nzima, pale ndipo mahali pekee ambapo hadhira ilishiriki kutunga, nami ndiye niliyepafuta.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Kwanza, tasnifu ya fasihi simulizi isitahiniwe bila kanda yake, na watahini waisikilize. Pili, mikusanyo yetu ichapishe kusita, kurudia na maingilio ya hadhira mahali pake yalipotokea, si katika tanbihi. Kampuni ya santuri, iliyotafuta faida, haikuona haya kuuza kosa la mwimbaji wake. Sisi tunaodai kutafuta elimu tunaona haya gani?